Mutumbwi wa Nyakulu kwenye Gare

Rafiki, nilifikiri hakuna kitu kinaweza kunishangaza tena. Nimeuza makaa, nimeuza simenti, nimejenga nyumba ya etaji mbili, na masomo yangu yaliishia troisième primaire, darasa la tatu tu. Wenye diplome ndio wananiletea barua za kuomba kazi! Lakini mwezi uliopita niliingia kwenye Gare kununua divai ya ndoa ya binti yangu, nikasahau divai yenyewe.

Gare, yaani stesheni, tunaita hivyo tangu zamani, hata kama treni haijafika Bukavu siku moja. Ilikuwa depo ya malori, chini karibu na ziwa. Sasa wameijenga upya: vioo, taa, chupa za divai upande huu, picha na sanamu upande ule. Utotoni mwangu palinuka mazutu, mafuta ya malori, na ndizi zilizoiva. Nyuma ya ukuta ndiko nyakulu, ndivyo tunamuita bibi kwetu Bushi, alikamulia kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zilitoka Mumosho kwenye migongo ya wamama. Alizimwaga ndani ya mutumbwi wake, mti muzima uliochongwa, akazikanda na majani mpaka maji yatoke, akatia unga wa mutama uliokaangwa. Kazi yangu ilikuwa kufukuza nyuki na kulamba vidole.

Siku moja nyakulu alienda misa, nikauburuta mutumbwi mpaka ziwani. Nilitaka kuwa kapiteni. Nilisafiri kama kutoka hapa mpaka pale mulangoni, jiwe likaupasua.

Nyakulu hakunipiga. Aliniangalia nilivyolowa, akasema: "Mutumbwi unapona. Mutoto akizama haponi." Akanituma kwa makanika wa depo kuomba kipande cha bati na lami kidogo. Tukapigilia pamoja, mimi nikishika misumari. Na ule mutumbwi ndio ulitulisha.

Kwetu, mwenye kutoa pombe anaonja kwanza, ndipo mugeni anajua iko salama. Kasiksi ya kwanza baada ya ile lami, madereva walikaa juu ya matairi wakinusanusa.

"Maman, leo tutakunywa ao tutatengeneza barabara?" mmoja akauliza, wengine wakacheka.

Kama wangeondoka, hatungekula wiki ile. Nyakulu akainua kibuyu, akavuta funda refu, akapangusa midomo. "Iko tamu," akasema, uso haukukunjamana hata kidogo. Wakanywa. Nilionja yangu kwa siri: lami tupu.

Depo ilipofungwa tulihama, mutumbwi ukabaki. Sasa ndio huo niliuona kwenye Gare, umesimamishwa wima, mgongo ukiangalia watu, taa juu yake, na kikaratasi: dola mia mbili. Nikanyoosha mkono.

"Papa, usiguse," msichana wa pale akasema. "Ile bati ni alama ya musanii."

"Musanii gani? Ile bati niliomba mimi! Hii iko ya kukamulia ndizi, na mumeigeuza!"

Vijana wangu wa sokoni nawafundisha kila siku: ukipenda kitu, kiangalie kama takataka. Siku ile nilisahau. Niliweka shavu kwenye bati, nikaeleza yote, ziwa, lami, madereva, machozi yakishuka mbele ya wateja wa divai. Mwenye duka akatoka ofisini, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akabandua kile kikaratasi polepole.

"Kumbe iko na historia," akasema.

Nyakulu amelala udongoni. Wale madereva sijui wako wapi. Migomba mingi ya Mumosho ilikauka kwa ugonjwa, na harufu ya mazutu wameiosha ukutani. Nimetafuta mpaka Kavumu mama mmoja anayejua kukanda na majani kama yeye, sijampata. Kwa hiyo sikubishana bei, mimi ambaye nabishana hata na muuza mayai. Niliomba tu kwanza wamugeuze nyakulu wangu aangalie watu, ndipo nikalipa: dola mia tano na themanini, kubeba mpaka kwangu Cimpunda ikiwa ndani.