Fungu la Nundu

Ng'ombe mzima ana mafungu kumi na mawili, na la kwanza ni nundu. Msaidié alilijua hilo kabla hajajua Alfatiha yake vizuri. Alizaliwa Marodoka, kisiwani Nosy Be, katika nchi ya Wamalagasi, na baba yake, mzee Mchangama, ndiye aliyekuwa mgawa nyama wa mji. Si mchinjaji. Wachinjaji ni wengi. Mwenye kisu kikali na bismillahi anachinja. Mgawaji alikuwa mmoja, na mji usio naye haukuwa mji, ulikuwa kundi la nyumba tu.

Nundu huenda kwa nyumba kongwe kuliko zote. Ulimi kwa khatibu. Kidari kwa wanawake waliopika. Mbavu kwa rika la bwana harusi, kongoro na utumbo kwa wasio na mtu, na shingo kwa wanaume wanaobeba majeneza, kwa sababu mzigo wa jeneza hukaa shingoni. Hivyo hivyo mpaka mkia. Mizani haikuwepo. Kulikuwa na jicho, mkono, na kumbukumbu ya nani alimzika nani.

Mzee Mchangama alikuwa na jirani aliyegombania naye minazi. Miaka saba hawakuamkiana. Msaidié, kijana bado, alimwona baba yake akimkatia jirani yule ubavu mnono kuliko wa kwake mwenyewe.

"Baba, huyu si adui yako?"

"Adui yangu, ndiyo. Lakini alimbeba mama yangu mpaka kaburini. Siku nitakayomnyima fungu lake, nitakuwa nimemfukuza mjini. Mimi si sultani."

Kwa maneno hayo Msaidié aliishi, na kwa maneno hayo akaharibikiwa.

Alipovuka kwenda mji wa bandari wa Mahajanga kutafuta riziki, alioa huko, mtaa wa Mangarivotra, mke aitwaye Koulsoum, mwanamke mfupi, mwenye ulimi wa pilipili na moyo wa samli. Siku za kazi Msaidié alikata nyama kwenye machinjio, kwa msumeno, nyama inapigwa muhuri wa rangi ya zambarau. Hiyo aliiita kibarua. Ugawaji ulikuwa siku za harusi, maulidi na arobaini, kwa kisu cha baba yake kilichofuliwa kutokana na tupa kuukuu. Watu wa Mangarivotra, wengi wao wenye asili ya Ngazija, walimwita Fundi, na hapakuwa na harusi iliyopangiwa siku bila kuulizwa kwanza kama Fundi ana nafasi.

Uhuru ulipokuja walichinja ng'ombe kumi. Msaidié aligawa tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na hakuna nyumba iliyonung'unika. Ndiyo siku ya mwisho mji ule kula kama mji.

Kwa maana Mfaransa hakuondoka. Alihama chumba tu. Na mlangoni wakaja wakubwa wengine wawili, Mmarekani na Mrusi, na Mchina akichungulia nyuma yao, kila mmoja anasema yeye ndiye rafiki. Hawakuja kwa mizinga. Walikuja kwa redio. Kwenye baraza ya kahawa ya Hamidou kulikuwa na redio kubwa yenye jicho la kijani, na jioni ilisema Kiswahili: cha Moscow, cha Peking, cha Amerika. Wateja wa Hamidou nyumbani walisema Kingazija na Kimalagasi. Kiswahili chao kilikuwa cha dini, cha biashara na cha bahari. Kwa mwaka mmoja wakajifunza ubeberu, kibaraka na ukombozi, na wakaanza kuitana hivyo.

Upande mmoja alikaa Abdou, mpwa wake Msaidié, mtoto wa dada yake, kiongozi wa wapakuzi wa bandarini. Mabega kama milango, na ndiye aliyeongoza wabeba majeneza wa mtaa. Upande wa pili alikaa Soulé, jirani, aliyepata kazi ya ulinzi kule nje ya mji, Wamarekani walikoweka magari yao na masahani ya chuma ya kusikiliza vyombo vinavyozunguka angani. Alirudi kila Jumamosi amevaa kofia yao, na maziwa ya kopo kwapani.

"Soulé!" Abdou alimwita siku moja. "Masahani makubwa kiasi hicho, na hamjatupakulia hata punje ya wali?"

"Afadhali sahani tupu," Soulé akajibu, "kuliko kula kwa Mrusi, watu ishirini na kijiko kimoja, na kijiko chenyewe cha chama."

Watu walicheka, Hamidou akamwaga kahawa kwa kucheka. Wakati ule bado walikuwa wanacheka.

Halafu, Januari ya mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, karibu na kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, zikaja habari za mapinduzi ya Unguja. Soulé alikuwa na kaka yake huko, mshona kanzu. Barua zikakatika. Haikuja hata moja, wala haikuja tena maisha yote ya Soulé. Na jioni moja, redio ikisifu mapinduzi hayo, vijana wawili wa Abdou wakapiga makofi. Soulé aliweka kikombe chini taratibu, akaondoka. Kesho yake Hamidou alitenganisha mabenchi, moja huku, moja kule, akakaa katikati akiuza kahawa ileile kwa wote wawili.

Soulé alikuwa na binti, Fatoumia, na harusi yake iliwekwa baada ya Idi. Akanunua dume jeusi ambalo nundu yake ilijaa mafuta mpaka ikalala upande. Siku mbili kabla, alikuja kwa Msaidié.

"Fundi, nakuomba jambo moja. Wekundu, Abdou na wapakuzi wake, wasile ng'ombe wangu."

"Walimbeba baba yako, Soulé."

"Walimbeba. Na kaka yangu, nani amembeba? Ametupwa wapi? Hawa wamempigia makofi."

Msaidié akasema tu, "Mimi nagawa. Sifukuzi."

Magharibi akaja Abdou, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mjomba, nyama ya Mmarekani usituletee. Ikija, itarudi."

"Tangu lini fungu likarudi? Umesikia wapi?"

"Utasikia Mangarivotra."

Koulsoum, aliyekuwa akichambua mchele, alisubiri mpaka Abdou alipoondoka. "Mume wangu, sema mkono unakuuma, huwezi kushika kisu. Mwachie mwingine aibu hii."

"Nikisema uongo, baba yangu atageuka kaburini."

"Baba yako ana kaburi. Mimi bado sina. Nikifa mimi, nani atanibeba? Ukigombana na Soulé umebaki na Abdou. Ukigombana na Abdou umebaki na Soulé. Ukigombana na wote, utanibeba peke yako kama gunia la chumvi?"

Msaidié alicheka. Aliamini, na katika mambo yote aliyowahi kuamini hili ndilo la kijinga kuliko yote, kwamba fungu likishafika mlangoni kwa mtu, mkono wake hauwezi kulirudisha. Hakuna aliyewahi kuona fungu likirudi, si Nosy Be wala Mahajanga. Aliudhani mji bado ni ule wa baba yake.

Asubuhi ya harusi alimkata ng'ombe yule kama anavyopaswa kukatwa. Nundu, ulimi, kidari, mbavu. Shingo akaigawa kwa wabeba majeneza, Abdou wa kwanza. Koulsoum na binti yao Zaïtoun wakajitwika makapu yaliyofunikwa majani ya migomba, wakazunguka mtaa, mlango kwa mlango.

Adhuhuri makapu yalianza kurudi. Hayakurudi kwa Soulé mwenye harusi. Yalirudi kwa mgawaji. Wapakuzi walikuja mmoja mmoja, wakayaweka kizingitini bila salamu. Mmoja alimpita Koulsoum njiani, akatia kapu lake juu ya lile alilokuwa bado amejitwika, kama mtu anayetundika kitu ukutani. Mama mzima, mchana, mbele ya watu. Abdou alikuja wa mwisho.

"Nilikwambia, mjomba."

Makapu kumi na manne yalikaa juani. Nzi wakaja, kisha mbwa, kisha Soulé mwenyewe, na manukato ya harusi bado yananukia kwenye kanzu yake. Akaitazama nyama yake.

"Nilikuomba jambo moja," alisema. "Umewapa wekundu nafasi ya kunitemea mate siku ya binti yangu. Usikanyage kwangu."

Tangu siku ile Msaidié alisusiwa na pande zote. Kwa wekundu alikuwa kibaraka, kwa wengine alikuwa mjomba wa wekundu. Harusi za huku zilipata mchinjaji wao na za kule wa kwao, na wote wawili walitumia mizani ya dukani, kilo moja moja, nundu imekatwakatwa na kuchanganywa na mifupa. Msaidié alisikia harufu ya pilau kutoka ng'ambo ya ukuta na kula muhogo wake. Misikitini wakaapa: bega la mwekundu na bega la mtu wa masahani hayatakutana chini ya jeneza moja.

Na wale wakubwa waliogombaniwa? Baada ya muda si mrefu Wamarekani walifungasha masahani yao wakayapeleka nyanda za juu. Soulé alibaki na kofia. Abdou naye akapewa kiti katika ofisi ya serikali ileile aliyoitukana, akakikalia vizuri sana. Hakuna mtu wa Moscow aliyewahi kulijua jina la Mangarivotra. Lakini kiapo kilibaki, kwa sababu watu wetu hawajui kutengeneza kitu, ila kukitunza kibovu wanajua.

Koulsoum alifariki masika ya mwaka wa pili baada ya harusi ile, kwa homa ya siku nne. Zaïtoun na wanawake wawili watatu walimwosha. Msaidié alipotoka na jeneza mpaka mlangoni, aliona kitu ambacho hakukitarajia: mtaa umejaa kanzu nyeupe. Walikuwa wamekuja. Wote. Abdou na wake wamesimama ukingo wa kushoto wa njia, Soulé na wake ukingo wa kulia, na katikati mchanga mtupu.

Hakuna aliyesogea. Jua likapanda.

"Mjomba," Abdou akasema, "tumekuja kumbeba mke wako. Waondoke kwanza hao."

"Fundi," Soulé akasema, "sisi ndio tutambeba mama Zaïtoun. Mwambie mpwa wako apeleke wekundu wake bandarini."

"Chagua, mjomba."

"Chagua, Fundi. Neno moja tu."

Msaidié aliwatazama upande huu, akawatazama upande ule. Nyuso zile alizikatia nyama miaka ishirini. Alijua nani anapenda mafuta na nani ana meno mabovu. Neno moja tu lingetosha, na Koulsoum angepata mabega ya watu wake.

"Baba," Zaïtoun alilia kutoka ndani, "chagua, jua linamchoma!"

Msaidié aliwapita wote akaenda mpaka njia kuu. Pale kwenye kivuli cha ukuta walikaa wavuta puspus, vile vigari vya abiria vya magurudumu mawili, watu wa Kitandroi kutoka kusini kabisa, si Waislamu, ambao Mangarivotra iliwaita kwa kupiga midomo kama unavyomwita mbuzi. Alizungumza nao Kimalagasi. Watatu walisimama, wakanawa miguu na mikono kama alivyowaelekeza. Pamoja naye wakawa wanne, wakaingia chini ya jeneza, yeye mbele. Wakapita katikati ya zile safu mbili. Khatibu, mzee wa kutetemeka, akawafuata na fimbo yake. Safu hazikufuata. Kila moja iliogopa kutangulia, isije ikaonekana imeungana na nyingine.

Siku ya arobaini Msaidié alinunua ng'ombe. Habari zilienea, na asubuhi watu wa pande zote mbili walipitapita mbele ya nyumba kama waliopotea njia. Abdou alipita mara mbili, Soulé mara tatu. Walimwona akikichukua kisu cha baba yake. Walimwona akitoa mafungu kumi na mawili, kwa jicho na mkono, sawasawa kama zamani, akiyapanga juu ya majani ya mgomba. Baadhi yao walilengwalengwa na machozi. Walidhani Fundi amesamehe.

Wavuta puspus wakaja na vigari vyao. Msaidié akawapa shingo, ambayo ni haki yao. Halafu akawapa ulimi. Akawapa kidari, mbavu, paja, na kongoro. Mwisho akaibeba nundu kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kiti cha puspus ya mbele, mahali anapokaa abiria.

"Mjomba!" Abdou alishindwa kujizuia. "Na sisi?"

"Ninyi ni nani?" Msaidié akauliza, wala hakuwa na kejeli. Akafuta kisu kwa jani.

Wavuta puspus hawakujua thamani ya nundu. Waliichoma njiani kuelekea Amborovy, nje ya mji, wakaila kwa muhogo, mafuta yakiwachuruzika kidevuni. Msaidié hakuonja. Juma lile alipanda meli na Zaïtoun kurudi Nosy Be, na Marodoka walipomwita kugawa nyama ya harusi, aliwaambia watafute mizani.