Shimo la Bi Raya Lililosomewa Fatiha

Saa mbili asubuhi, maji yamekupwa Majoreni, pwani ya kusini ya Kenya. Bi Raya Hamadi, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amezama topeni hadi magotini. Anafukua makumbi ya nazi aliyoyafukia miezi sita iliyopita, anayaosha, kisha anayaponda kwa gongo mpaka yatoe nyuzi za kusokotea kamba. Harufu yake haisemeki.

"Ukiizoea, utaona ni harufu ya chakula," anasema bila kuinua uso.

Alifika hapa mwaka 1964, miaka mitatu iliyopita, akikimbia machafuko ya Unguja na Pemba, na watoto watatu na kanga mbili. Wenyeji walimpa kibanda na kipande cha kulima muhogo. Lakini kazi aliyoijua yeye ni kamba, na hapa makumbi yalikuwa kuni tu.

Mwaka huohuo akaokota makumbi mia nne, akayafukia ufukweni na kulizungushia shimo mawe lisichukuliwe na maji, kama wafanyavyo wanawake wa kwao Pemba. Wapita njia wakaona kaburi. Wakadhani mgeni amezika mtoto mchanga kimyakimya, wakawa wanasimama kulisomea Fatiha.

"Nikawaona wamenyanyua mikono, nikadhani wananiombea kazi yangu baraka," anasimulia. "Nami nikaitikia Amina."

Siku alipolifukua akatoa makumbi, kijiji kilichafuka. Wako waliotaka aondoke, wakisema ameichezea dini. Bi Raya akaanza kufunga mizigo. Watoto wakamuuliza safari hii wanakwenda wapi.

Aliyemwokoa ni jirani yake, Bi Mwanapili, ambaye hakuna aliyelisomea shimo lile kumshinda. Alisimama mbele ya Mzee Boga, mzee wa kijiji, akasema: "Mimi nimesoma miezi sita. Kama dua zangu ndizo zilizoyalainisha haya makumbi, basi nina fungu langu. Kwanza anifundishe, ndipo mumfukuze."

Watu wakacheka, na hasira ikawaishia. Leo wanawake kumi na mmoja wanaponda makumbi pamoja naye, na kamba zao zinauzwa hadi Msambweni.

Huku mgeni hulima muhogo na mahindi, lakini mnazi hapandi, kwani mti wa kudumu ni wa mwenye ardhi. Wiki iliyopita Mzee Boga alimruhusu Bi Raya kupanda minazi mitatu, mmoja kwa kila mtoto. Anangoja masika.

"Usiipande karibu na njia," Bi Mwanapili anamwonya. "Watoto wa huku wezi wa madafu."

"Mpaka izae, shoga, hao watakuwa wameshaoa," anajibu Bi Raya. "Nitawashitaki kwa wake zao."