Miaka Saba Bila Kulazwa

Simu iliingia asubuhi, binti akikoroga uji wa watoto. Aliyepiga alikuwa mdogo wake wa kiume, sauti imemkauka.

"Dada, baba ametutoka."

"Yuko wodi gani?"

"Wodi gani tena, dada? Yuko kitandani kwake. Nimeenda kumwamsha, nikakuta ameshaenda."

Akaketi palepale sakafuni. Machozi yalimtoka, na pamoja nayo pumzi ndefu. "Ahsante, Mungu wangu. Hakufia kule."

Kule hospitalini ndiko alikokuogopa miaka yote. Baba yake, fundi viatu wa kona ya soko, alikuwa na kisukari kilichomtia ganzi miguuni. Mwaka mmoja alilazwa mara nne, kila mara kwa kidonda kilichochelewa kuonekana. Wiki tatu za dripu na sindano, kitanda cha serikali kimekaliwa, kwa jambo ambalo mwanzoni lilitaka dawa ya kuoshea na bandeji tu. Mara ya nne alirudi bila kidole gumba cha mguu. Daktari alisema safari ijayo utaondoka mguu, au roho yenyewe.

Ndipo zahanati ya mtaani ikaletewa dawa, na muuguzi wa kisukari kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Mzee akagoma.

"Niende kutibiwa nikiwa mzima? Nina wazimu?"

Binti alimshika mkono, akamkokota kama mtoto anayepelekwa shule.

"Mzee, vua viatu," muuguzi akasema.

"Mwanangu, kuvua watu viatu ni kazi yangu mimi."

"Basi leo zamu yako."

Alivua. Kijisumari cha soli kilikuwa kimezama unyayoni, na mwenyewe hana habari. Mzee akakitazama, akanyoosha mguu uoshwe.

Tangu hapo hakukosa Jumanne yake. Hata wateja wenye kisukari aliwasumbua: "Kadi ya zahanati kwanza, kiatu baadaye!" Miaka saba hakulala hospitali hata usiku mmoja.

Walimzika siku ya pili, saa tisa alasiri. Muuguzi naye alikuja, akasimama na majirani. Sala ilisomwa, jeneza likateremshwa, wanaume wakapokezana koleo. Binti alitupia udongo kwa mkono wake, akasema, "Pumzika, baba." Kaburi lilipojaa, akaongozana na nduguze kurudi nyumbani.