Mshonaji na Daktari wa Darubini

Fundi saa hakuwa mtu wa kujipamba. Lakini tangu apasuliwe kichwa, kila siku ya kliniki alinyoa ndevu na kudai shati lililonyooshwa. Mkewe, mshonaji, ndiye aliyelipiga pasi, roho ikimfuka kama moto wa makumbi ya nazi.

“Leo tena kwa bi mdogo?”

“Mama watoto, yule ni daktari wa utafiti. Anauchunguza uvimbe wangu kwa darubini.”

“Ndiyo hivyo. Mimi miaka yote nakuchana nywele, yeye kakuona ubongo.”

Akirudi, alirudi na hadithi. Eti seli za uvimbe zina vipokezi juu ya ngozi zake, vidogo kama masikio. Seli nzima za jirani zikitoa kemikali zao, vipokezi huzinasa, na seli mbovu huanza kutambaa kuzifuata. Ndiyo maana kisu hakiumalizi uvimbe wote.

“Na mimi nikikuita, mbona hutambai?”

Fundi saa alicheka hadi akashika mshono wa kichwani. Mkewe hakucheka. Hakuwahi kuelezwa habari za hata saa moja ya mteja kwa utamu ule.

Kisha uvimbe ukarudi, upande wa pili. Bila kumuuliza mkewe, fundi saa akakubali kupasuliwa tena, na kipande cha uvimbe kiende kwa daktari yule yule. Mshonaji akavaa gauni lake zuri kuliko yote, kama aendaye kumkabili mke mwenza, akaenda maabara.

Daktari, mwanamke mfupi aliyevaa kandambili, alimkaribisha kwenye darubini. Madoa ya kahawia yalisongamana ukingoni mwa kipande cha upasuaji wa kwanza.

“Vipokezi ndivyo hivyo, dada.”

“Na dawa ya kuviziba?”

“Bado tunaitafuta. Yeye haitamwahi, kupasuliwa kutampunguzia maumivu tu. Mwenyewe alisema tuchukue kipande, kiwafae wengine.” Akasita. “Nilidhani unajua.”

Njia nzima ya kurudi nyumbani mshonaji hakuuwaza ubongo. Kilichomchoma ni kwamba neno zito kuliko yote mumewe alilipeleka kwa mwingine.

“Kumbe unajua huponi,” alisema akiwa bado mlangoni. “Umemwambia yeye, mimi ukanificha.”

“Nilitaka abaki mtu mmoja humu ndani wa kunitania.”

“Kukutania nitakutania. Lakini nataka kusikia kwa mdomo wako.”

Fundi saa akampisha kwenye kochi. Akaanza na asubuhi moja alipoishika saa ya mteja, akaigeuza geuza, asijue ni kitu gani.

“Hili ulishamwambia?”

“Hili, la.”

Mshonaji akavua viatu, akakaa vizuri. “Haya, endelea.”