Wageni Wana Pa Kulala

Sauti ambayo Ochola haisahau ni ya jiwe la mama yake likisaga mtama. Akiwa chumbani kwake mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, huwasimulia watalii habari za jiwe hilo kwa simu, nao hukubali kupelekwa kijijini kwao Siaya, wakalale kwa wenyeji.

Leo mama alipiga simu.

“Wageni wako wanne nitawalaza kwangu. Na wewe je?”

Kwa Wajaluo, mwana wa kiume aliyekua halali nyumbani mwa mama. Hujenga simba, nyumba yake mwenyewe bomani. Ochola ana miaka arobaini na hajajenga.

“Wazungu wana kwao huku kuliko wewe, baba!” mama alicheka.

Ochola alijibu kwa sauti ya chini sana, “Nitalala kwenye gari tutakalokuja nalo, Mama.”