Siku Niliyowang'arishia Wakwe Viatu

Mimi si mtu wa kuona haya, na yeyote anayenijua pale Nyamisati atawaambia hivyo. Nilianza maisha na shoka la kuazima, nikakata boriti mikokoni huku tope limenifika mapajani, nikapata mtumbwi, nikapata mashua, nikajenga nyumba ya bati, na shule yenyewe niliishia darasa la pili (na hilo la pili sikulimaliza). Watu wenye vyeti wamekuja kuniomba kazi, nami nimewapa. Basi nikiwaambia kuna siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu shambani, nafumba macho na kutikisa kichwa, mjue hiyo siku ilikuwa siku kweli. Wanangu wakiisimulia huipunguza kwa kunistahi. Mimi nitaisema yote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kumwagika madukani, na sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya sabuni tukawa tunasimama mbele ya duka tumeachama tu, hatujui tuanze na kipi. Nilikuwa nimepeleka boriti Dar es Salaam, nikapita Kariakoo, nikamkuta muuzaji mmoja ameshika kidude mfano wa tochi ya mawe manne, lakini pale penye taa pana brashi ya mviringo. Akabonyeza kitufe, brashi ikazunguka, ngrrrr, akaipitisha kwenye kiatu changu bila hata kuniomba ruhusa, na kiatu kikawaka mpaka nikaona kidevu changu. Mashine ya kung'arishia viatu! Ya mkononi! Kutoka Dubai! Nikainunua pale pale, sikuuliza inaharibika vipi wala inatumiwa na dawa gani.

Lazima niseme kwa nini niliitaka vile. Mwanangu wa kwanza, Hamisi, alikuwa amempenda binti wa kijiji cha Mtunda, Zainabu, na baba yake Zainabu, Mwalimu Juma, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na ndiye aliyekuwa akisalisha msikiti wa kwao. Mtu safi kupita kiasi, kanzu yake huoni kunyanzi. Mara mbili alikataa posa yetu. Hakukataa kwa ubaya, alisema tu, "Kijana hana neno, lakini nyumba yenyewe siijui vizuri." Mimi nikajua anachosema: anasema tope. Mtu wa mikoko hata avae nini, ukimtazama kucha za miguu unajua anatoka wapi. Mara ya tatu akakubali, nikaha ikawekwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na Hamisi akaniambia, "Baba, nakuomba, siku hiyo tukae kimya tu, tule, tuozwe, turudi."

Nikamwambia, "Wewe utanifundisha kukaa kimya, mimi niliyekuzaa?"

Asubuhi ya Ijumaa hiyo nikafungua kopo la dawa ya viatu, nikakuta imekauka imepasukapasuka. Hapa ndipo mkasa ulipoanzia. Kila mtu anajua dawa ikikauka unatia mafuta ya taa kidogo, unakoroga. Mke wangu akaniambia, "Mafuta ya taa yameisha, kaombe kwa jirani." Mimi nikaombe mafuta ya taa siku ninayooza mwanangu? Kando ya mlango palikuwa na kibati cha mafuta ya papa, yale tunayopaka mashua mbao zisioze, nikatia vijiko vitatu, nikakoroga, dawa ikalainika ikawa kama samli, nikajaribu kwenye kiatu kimoja, kikang'aa kuliko hata kule Kariakoo. Na harufu? Niwaambie ukweli, sikusikia harufu yoyote. Mtu aliyekaa na mafuta ya papa miaka ishirini, pua yake haina habari nayo tena, na nyumbani kwetu pua zote ni hizo hizo.

Tukasali Ijumaa kwetu, tukapanda gari langu la boriti, tukafika Mtunda tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tukapokelewa kwa vigelegele, tukakaribishwa barazani, tukavua viatu, tukakalishwa kwenye mikeka, pilau ikaja. Ukuta wa baraza ulikuwa umepakwa chokaa jana yake, mweupe unaumiza macho. Mimi kula namaliza mapema popote pale, ndivyo tulivyozoea mikokoni, maana maji yakijaa hayakungoji umalize tonge. Nikanawa, nikainuka, nikatazama pale chini ya ngazi: viatu vya wazee jozi kumi na nne vimepangwa, vyote vimeshika vumbi. Vyangu na vya Hamisi vikiwamo.

Nikatoa mashine mfukoni, na lile kopo la dawa. Jamani, ningejua.

Nikaanza na vyangu. Ngrrrr! Wazee wakageuza shingo wote kwa pamoja. Abdala, mdogo wake Mwalimu Juma, mtu wa mizaha sana, akaita huku tonge liko shavuni, "Mkwe, hiyo bunduki au mashine ya kunyolea?"

"Ya viatu," nikamjibu. "Ya Dubai."

"Basi na mimi nipitishie changu. Kile pale, kilichochoka kama mwenyewe."

Watu wakacheka, nikapitisha, kikang'aa, Abdala akashuka mwenyewe kukitazama, akasema, "Lahaula! Hiki changu kweli?" Hapo nikavimba. Nikasema leteni vyote. (Hakuna aliyeleta, wakwe wana adabu yao, mimi mwenyewe ndiye niliyevifuata kimoja kimoja.) Hamisi alinikodolea macho kutoka mkekani, alikuwa amevaa joho la bwana harusi hawezi kuinuka, akawa ananiashiria kwa nyusi tu. Nikajifanya simwoni.

Mwalimu Juma alikuwa na makubadhi ya ngozi, mazuri, ya kuletewa kutoka Lamu. Hayo niliyapaka juu, nikaona kazi nusu ni aibu, nikapaka na pale pa kukanyagia. Na wazee wengi walikuwa na makubadhi, wote nikawafanyia hivyo hivyo, dawa tele, bila uchoyo. Mashine ikawa inarusha vitone vyeusi, vingine vikatua ukutani kwenye ile chokaa mpya, nikavifuta kwa kiganja, vikawa mistari. Nikasimama mbele ya ile mistari ili isionekane.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Wazee wakashuka, wakavaa, wakanishukuru. Mwalimu Juma mwenyewe akatazama miguu yake, akaniambia, "Mkwe, Mungu akulipe." Nawaambieni, kutoka pale nyumbani mpaka msikitini ni hatua mia hivi, na hizo hatua mia nilitembea kama mtu aliyechaguliwa kuwa mbunge.

Tukafika kwenye birika la kutawadhia. Mwalimu Juma akavua makubadhi, akatawadha vizuri mikono, uso, kichwa, akafika miguuni. Akamwaga maji kwa kata. Maji yakateleza yakaanguka chini, yameviringana kama yaliyomwagwa juu ya jani la mgomba. Akatazama. Nyayo nyeusi, vidole vyeusi, mpaka kwenye kisigino. Akamwaga tena. Yakateleza tena.

"Maji hayashiki," akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe.

Mzee wa pili akasema, "Na kwangu." Wa tatu akasema, "Astaghfirullah, hii nini?" Ghafla birika zima limezungukwa na watu wazima waliovaa kanzu nyeupe wamesimama mguu mmoja mmoja, wanasugua nyayo kwa mchanga, sabuni na makumbi ya nazi, na mwadhini anachungulia mlangoni anauliza aikimu sala au angoje. Mwalimu Juma akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Maji yasipofika kwenye ngozi, udhu hakuna. Na udhu usipokuwapo, sala hakuna. Sugueni." Mimi nimeuzuia msikiti mzima kusali! Mimi!

Lakini ngojeni. Tulipochelewa vile ndipo lile jua la alasiri lilipopata nafasi ya kufanya kazi yake juu ya viatu. Vilikuwa vimepangwa mlangoni vinachemka. Abdala akanusa, akanusa tena, akauliza, "Nani amekufa hapa?" Paka wa kwanza akatokea kwenye kichaka, mweusi, mwembamba. Wa pili. Wa nne. Paka wa Mtunda bahari hawajawahi kuiona, lakini siku ile walijua. Mmoja akaanza kulamba kiatu cha Abdala, mwingine akaliuma kubadhi la Mwalimu kwenye kigwe akaondoka nalo anarudi kinyumenyume, na watu wazima wakamkimbiza wakiwa na miguu yenye povu.

Tukasali mwishowe. Sijui nilisali nini, Mungu anisamehe.

Tulipotoka, Mwalimu Juma akanigeukia mbele ya wote. "Mkwe, umetupaka nini?"

Hapo, wenzangu, ndipo nilipokuwa na njia ya kutokea. Ningesema kweli, wangecheka, yangeisha. Lakini wazee wote wale wananitazama miguuni, na mimi najua wanaona tope. Nikasema, "Dawa ya viatu tu, mwalimu. Labda hizi za Dubai ndivyo zinavyonuka."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyekubali. Tukarudi nyumbani miguu chini, viatu tumevishika kwa ncha za vidole mbali na pua. Mlangoni alikuwa amekaa mama yake Mwalimu Juma, Bibi Mwanahawa, kikongwe wa miaka yake mingi, macho hayaoni vizuri. Hakungoja hata tufike.

"Nani anapaka mashua hapa?"

Wazee wakatazama viatu mikononi.

"Nauliza, nani anapaka mashua? Hii papa. Mimi nimezaliwa Mbuchi, huko huko mikokoni, msinidanganye, marehemu baba yangu alikuwa akirudi na harufu hii hii. Kama mmetuletea papa, mbona hamkuleta na nazi tumpike?"

Wanawake waliokuwa ndani wakapasuka kwa kicheko mpaka mmoja akaangusha sinia. Mwalimu Juma hakucheka. Aliniangalia, akasema maneno ambayo sikutegemea kuambiwa na mtu aliye hai.

"Miguu itatakata. Lakini nimekuuliza mlangoni mwa msikiti na umenijibu uongo. Kesho binti yangu akiumwa kwako nikakuuliza anaendeleaje, nitaamini jibu gani? Nikaha hii naiahirisha. Rudini kwenu, nitawapelekea habari."

Watu wangu wakatazama chini. Hamisi akasimama mbele yangu, joho lote lile, akanitazama, na kule ndani vicheko vikakatika ghafla, nikasikia msichana anaanza kulia. Nilijua ni Zainabu. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake kabla ya hapo.

Mimi sijawahi kumpigia mtu magoti. Siku ile nilipiga, pale uani, mbele ya wanawake na mbele ya Abdala wa mizaha. Nikasema yote. Nikasema ni mafuta ya papa, nimeyatia kwa mkono wangu, nimekataa kuomba mafuta ya taa kwa jirani, harufu siisikii hata sasa hivi, na mlangoni mwa msikiti nimesema uongo kwa kuwa niliona aibu. Nikasema, "Mwalimu, kosa ni la kwangu. Usimwadhibu kijana."

Bibi Mwanahawa ndiye aliyemaliza. "Juma mwanangu, mtu kasema. Wewe ulitaka aseme, kasema. Sasa akae pale kisimani avioshe viatu vya watu mpaka nisisikie papa, nawe uoze mtoto jua halijatua."

Mwalimu Juma akasema, "Haya. Lakini avioshe kweli, na mkekani asikanyage mpaka amalize."

Nikapewa beseni, majivu, ndimu na mche wa sabuni. Nikakunja mikono ya kanzu, nikachuchumaa. Jozi kumi na nne ni viatu ishirini na nane, na mafuta ya papa hayana haraka ya kutoka. Akina mama wakawa wanapita na sinia za kahawa, kila apitaye ananinusia kiatu, "Bado, mkwe, ongeza ndimu," "Hiki kinanuka Nyamisati yote." Nikasugua. Paka watatu walikaa wamenizunguka muda wote kama mashahidi wangu.

Nilikuwa nimefika kiatu cha kumi na tisa niliposikia barazani kumetulia. Ukuta ulikuwa kati yetu. Nikasikia sauti ya Mwalimu Juma inasoma hotuba, nikaacha kusugua. Halafu nikamsikia mwanangu, mtoto niliyemlea mimi, anasema kwa sauti ya kiume ambayo sijui aliitoa wapi, "Nimekubali kumuoa." Vigelegele vikapanda. Nikasimama nikitaka kwenda, nikakumbuka nilivyoambiwa, nikachuchumaa tena na kubadhi la kushoto mkononi.

Nilipomaliza jua lilikuwa jekundu, watu wanaagana. Hamisi akanifuata kisimani. Akaniuliza, "Ulisikia, baba?"

Nikamwambia, "Nilisikia."

Akasema, "Alhamdulillahi," akachukua viatu vyake, vimelowa, akavivaa hivyo hivyo.

Ile mashine nilimwachia Abdala, aliyeitaka mwenyewe. Hamisi na Zainabu wana watoto sita sasa, na Mwalimu Juma mpaka anafariki alikuwa rafiki yangu. Nimeoza watoto wengine wanne, nikakaa mkekani mbele kabisa, nikaona kila kitu kwa macho yangu. Ile ya Hamisi tu ndiyo sikuiona. Huwa wajukuu wananiomba niwasimulie ilivyokuwa baba yao alipoupokea mkono wa mkwe wake, alikaaje, alivaaje, uso wake ulikuwaje, na mimi, baba mzazi niliyekuwapo hapo hapo, nalazimika kusema waulizeni wengine. Nimejiapiza tangu siku ile: mtu akiniuliza nimefanya nini, namwambia nilichofanya, hapo hapo, hata kama kinanuka.