Taigani wa Burul

Burul, mjane wa mwindaji, alibaki na taigani mmoja jike, tena mwenye mimba. Mbwa hao wa kuwindia wa mbegu halisi walikuwa wameadimika katika milima ya Naryn. Majira yale kulikuwa na mtu aliyetupa nyama zenye sumu ili kuua mbwamwitu, basi Burul hakumfungua mbwa wake hata kidogo.

Msajili wa mbwa alipofika kutoka mjini kuorodhesha taigani halisi, alisema, "Mama, nisipomwona akikimbia, simwandikishi."

"Basi usimwandikishe. Mlima hauko salama."

Jirani yake Temirkan akacheka. "Dada, wewe unafuga taigani au kondoo?" Akamfungua taigani wake dume. Mbwa akamwona sungura, akatimka, akapotelea nyuma ya kilima. Msajili akatabasamu, akaandika.

Wakanywa chai wakimngoja. Temirkan akapiga mluzi, akaita, akapiga tena. Bonde lilikuwa kimya. Nyuma ya kilima kunguru walianza kushuka, mmoja mmoja.

Temirkan aliweka kikombe chini. Alichukua sepetu, akaenda.

Msajili alipapasa taratibu tumbo la yule jike. "Anaitwaje?" akauliza kwa sauti ya chini, akifungua tena daftari lake.

Burul akamtajia, lakini kamba hakuiachia.